Kontena la pili la parachichi: shajara ya mzigo kutoka Njombe mpaka Jebel Ali

Tulikotoka

Msimu uliopita kikundi chetu hapa Njombe kilipakia rifa la kwanza (kontena lenye mashine ya baridi), futi 40, parachichi aina ya Hass tupu, likaelekea Rotterdam. Tuliambiwa siku 30 na kitu, likachukua 46, maana toka mwisho wa 2023 meli nyingi ziliacha kupita Bahari ya Shamu kwa ajili ya mashambulizi ya upande wa Bab el-Mandeb, zikawa zinazunguka kule chini Rasi ya Tumaini Jema ndo zinapanda tena kwenda Ulaya. Picha za mzigo ziliingia wasap usiku nikiwa nimekaa kitandani, boksi baada ya boksi, tunda limeshageuka jeusi, jamaa analibonyeza na kidole kinazama. Mnunuzi akakata zaidi ya nusu ya bei, na huku wakulima 63 wanasubiri hela ya ada za watoto na mbolea.

Kila mtu akasema ni urefu wa safari, na mimi nilisema hivyohivyo kwenye kikao, wakulima wakakubali kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Ila kuna kitu kilinikaa rohoni mwaka mzima. Kwenye meli ileile kulikuwa na kontena la watu wengine wa hukuhuku nyanda za juu, siku zilezile, bahari ileile, na mzigo wao ulifika mgumu. Sasa bahari inachagua kontena?

Ndo mradi wenyewe huo. Msimu huu tunapakia tena, lakini tunaweka vipima joto vya kurekodi ndani ya mzigo wenyewe (sisi tunaviita loga, ukubwa wake kama kiberiti, kinaandika joto kila baada ya dakika 15) kuanzia shambani mpaka mlango unapofunguliwa huko uendako, tujue ubaridi unapotelea wapi. Tumechagua Jebel Ali, bandari ya Dubai, kwanza, soko lipo na meli haihitaji kugusa kabisa Bahari ya Shamu, Ulaya tutarudi tukishajua tunachofanya.

Wiki 3 kabla ya kupakia

Tumeanza na chumba baridi chetu wenyewe, na naandika hii nikiwa bado mikono inatetemeka kidogo.

Kipima joto cha ukutani kinasoma 5, kimekuwa kinasoma 5 toka tumejenga, na sisi tulikuwa tunakiamini kama saa ya msikitini. Siku tatu zilizopita tumeingiza paleti 4 (yale majukwaa ya mbao yaliyopangwa boksi juu yake) saa 11 jioni, nikachoma loga ndani ya tunda lililoko katikati kabisa ya paleti, siyo boksi la pembeni, la katikati. Kesho yake saa 11 jioni, yaani saa 24 kamili, nikaenda na kipima joto cha sindano, nikatoa boksi, nikakata tunda, nikaingiza sindano mpaka karibu na kokwa. 15.6. Nikajua sindano imekosea, nikachukua tunda lingine, 15.4. Nikaweka sindano kwenye barafu niihakikishe, ikashuka mpaka 0.1. Sindano nzima kabisa.

Yaani hewa ya chumbani ni 5 na tunda la katikati ni 15 na nusu, baada ya siku nzima. Nikaiacha paleti iendelee nione, kufika 7.8 ilichukua saa 38 nyingine.

Nikafungua daftari la msimu uliopita kuangalia mzigo wa Rotterdam ulikaa chumbani muda gani kabla ya kupakia. Saa 14. Lori lilikuwa limeshafika, dereva anadai hela ya kulala, meli ina siku yake ya kufunga mizigo, tukapakia. Kwa hiyo tulifunga milango ya kontena na tunda lina nyuzi 17 au 18 huko katikati, halafu kioo cha mashine kikasoma 5 tukapeana mikono.

Hapa inabidi nieleze maana hata mimi sikuwa nalijua hili. Mashine ya rifa haikutengenezwa kupooza mzigo. Kazi yake ni kutunza ubaridi mzigo uliokuja nao, kuondoa joto dogo linalopenya kwenye kuta na lile ambalo tunda linalitoa lenyewe. Parachichi likishachumwa bado linapumua, na linavyopumua linatoa joto, na likiwa na joto linapumua zaidi, na likipumua zaidi linaanza kutoa ile gesi ya kuivisha ambayo inaamsha na la jirani. Ukiingiza tani 21 za tunda la nyuzi 17 mashine itahangaika wiki nzima na zaidi, na kila siku ya huo uhangaikaji ni siku kadhaa zimekatwa kwenye maisha ya tunda. Na kile kioo kinachosoma 5 ni hewa inayotoka kwenye mashine, hakijui lolote kuhusu tunda lililoko katikati ya paleti ya 9.

Sikulala vizuri. Nimewaza wale wakulima niliowaambia ni bahari.

Siku 17 kabla

Tumepata dawa, na haikuwa ya hela nyingi kama nilivyoogopa.

Tatizo la chumba chetu ni kwamba upepo unazunguka nje ya paleti, hauingii ndani. Boksi zina matundu lakini upepo hauna sababu ya kupita humo wakati kuna njia pana pembeni. Kwa hiyo fundi wetu wa kuchomelea amechukua feni kubwa moja akaiweka kwenye fremu ya chuma, tukapanga paleti mistari miwili, katikati tumeacha njia, juu na nyuma tumefunika turubai mpaka chini, feni iko mbele inavuta. Feni ikivuta hewa kutoka kwenye ile njia iliyofunikwa, hewa baridi ya chumbani haina pa kupita isipokuwa kwenye matundu ya boksi, katikati ya matunda. Ukiweka mkono kwenye boksi la nje unasikia kabisa hewa inanyonywa kuingia.

Mara ya kwanza turubai lilikuwa na uwazi chini upana wa kiganja tu, na hiyo peke yake iliharibu kila kitu, hewa yote ikawa inapita hapo. Tumeziba na magunia yaliyolowa. Mara ya pili tunda la katikati limetoka nyuzi 21 mpaka 6.5 kwa saa 9.

Saa 9 badala ya siku mbili na nusu, kwa feni na turubai.

Kitu kingine kilichogundulika kwenye zoezi hili ni kwamba matundu ya boksi zetu hayaonani ukipanga kwa kupishana kama matofali. Vijana wa kupanga walizoea kupishana ili paleti isiyumbe. Sasa tunapanga boksi juu ya boksi wima kabisa, pembe juu ya pembe, na uimara unatoka kwenye kona za kadibodi na kamba. Kidogo kulikuwa na ubishi, mzee mmoja anayesimamia upangaji akasema paleti itaanguka kwenye kona za mlima Kitonga. Tukaipakia moja kwenye pikapu tukaizungusha kwenye barabara ya vumbi ya Uwemba kwenda na kurudi, haikuanguka, mzee akaridhika na sasa yeye ndo mkali kuliko wote kwa anayepishana.

Siku 12 kabla

Leo kupima ukomavu. Parachichi halilainiki likiwa mtini, kwa hiyo kwa macho huwezi kujua limekomaa au bado, hasa Hass ambayo mpaka inavunwa ni kijani. Tunakata vipande vyembamba, tunapima gramu 10, tunaweka kwenye maikrowevu kidogokidogo mpaka uzito usishuke tena, kilichobaki ndo sehemu isiyo maji. Sisi tumejiwekea 24 kwa 100, kiwango hichohicho wenzetu Kenya wanakitumia kwa Hass. Mashamba 5 yamepata juu ya 25, mawili yamepata 21 na 22, nimewaambia wasubiri. Mmoja amekasirika, namwelewa, dalali alishamfuata shambani na hela mkononi. Lakini tunda changa likifika halilainiki, linanyauka kama mpira na mlaji akishanunua moja hanunui tena.

Siku 9 kabla

Nusura tupoteze mzigo wote kwa kistari.

Kwenye barua pepe ya bukingi, yaani kuomba nafasi melini, niliandika "Joto - 6", kile kistari nimekiweka kama mtu anavyoweka nukta mbili. Uthibitisho wa bukingi umerudi leo na umeandikwa nyuzi hasi 6. Parachichi linaganda likishuka chini ya sifuri kwa nyuzi moja na kitu tu, hasi 6 ingekuwa tunapeleka mawe ya barafu. Mhasibu wetu dada wa watu ndo aliyeiona, mimi nilikuwa nimeshaipita kwa macho. Tumepiga simu, wamebadilisha, nimedai uthibitisho mpya. Kuanzia sasa tunaandika kwa maneno: JUMLISHA SITA, SELISIASI. Pia matundu ya hewa safi mita za ujazo 40 kwa saa, maana hili ni rifa la kawaida, siyo lile linalodhibiti hewa ya ndani kwa kushusha oksijeni, lile lina gharama yake na kwa safari fupi ya Ghuba hatulihitaji.

Kwa nini 6 na siyo 4 au 3? Wadau wengi wanadhani baridi zaidi ndo salama zaidi. Parachichi likipata baridi kupita kiasi linaumia, nyama inakuwa ya kijivu na ngozi inapata mabaka meusi, na uharibifu huo hauonekani hapohapo, unajitokeza likishatoka kwenye baridi, yaani mezani kwa mteja. Tunda la mwanzo wa msimu linaumia haraka zaidi, ndo maana tumeanza na 6, baadaye tutashusha kidogo.

Siku 2 kabla

Kontena limefika, nikapanda ndani na tochi, nikatoka mwenyewe. Harufu ya samaki. Karatasi ya ukaguzi wa mashine ipo na tarehe yake, mashine ni nzima, lakini kwenye zile njia za sakafuni kulikuwa na maganda na maji meusi, na matundu ya kutolea maji yameziba. Tumelikataa. Kukataa kontena likiwa limeshafika Njombe kunauma maana gharama ya lori ni yako mpaka mbishane, na tumebishana, hatimaye wamelibadilisha na lori limekwenda kuchukua lingine. Tumepoteza siku moja na nusu na feni ikaendelea kuvuta, tunda likawa linasubiri kwenye 6, hilo la kusubiri halikunisumbua.

Siku ya kupakia

Kontena la pili safi. Tumeanza saa 4 asubuhi.

Jambo ambalo watu wanalikosea, hata sisi mwaka jana: tuliwasha mashine kontena likiwa tupu, likawa baridi, halafu tukafungua milango tukapakia. Sisi hatuna ile shingo ya mpira inayoziba nafasi kati ya mlango wa kontena na chumba baridi. Kwa hiyo hewa ya nje yenye unyevu iliingia ikakuta kuta za baridi ikageuka maji, boksi zikalowa, boksi likilowa linakosa nguvu na paleti za chini zinabonyea. Safari hii mashine imezimwa muda wote milango iko wazi, kontena halikupozwa kabla, na tumepakia paleti moja moja haraka kutoka chumbani.

Paleti 20, kila moja boksi 264, boksi 12 kwa tabaka na matabaka 22, jumla boksi 5,280 za kilo 4. Mstari mmoja unaingia paleti 11 na mwingine 9, kwa sababu upande mmoja zinakaa kwa upana na mwingine kwa urefu, ndo zinavyoenea kwenye upana wa ndani. Hakuna boksi lililovuka ule mstari mwekundu wa juu, pale juu lazima hewa ipate njia ya kurudi kwenye mashine. Kabla ya kila paleti kuingia nilichoma sindano, zote kati ya 5.7 na 6.4, namba nimeziandika kwa kalamu ya wino kwenye daftari, ukurasa mzima, na nikimaliza nilikuwa nataka kulia.

Loga 3: moja mbele karibu na mashine, moja paleti ya katikati, moja juu kabisa mlangoni. Boksi zenye loga zimezungushiwa utepe mwekundu.

Mkaguzi wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, alishamaliza yake, cheti cha afya ya mimea kipo. Mzigo na kontena lenyewe ni karibu tani 28. Sili imefungwa saa 9 na nusu, lori limeondoka saa 10 jioni, jenereta imebebwa mbele ya kontena inanguruma.

Usiku wa barabarani

Tulimpa utingo kazi moja, kila wakisimama apige picha ya kioo cha mashine aitume. Kijana ameifanya kazi ile kwa moyo, sijui nimshukuruje.

Mizani ya Makambako saa 1 usiku, kioo 6.0. Mizani ya Wenda saa 5 usiku, 6.0. Mlima Kitonga wameteremka polepole, Ruaha Mbuyuni saa 8 usiku, 6.1, na ameandika "bro huku joto utadhani mchana". Anayeijua njia ile anaelewa, unatoka Iringa umevaa sweta, ukimaliza kona za Kitonga ule ukanda wa mibuyu unakupokea na joto lake hata usiku wa manane.

Mikumi mjini saa 10 alfajiri na dakika kadhaa, hakutuma picha, walipita moja kwa moja ili wavuke hifadhi. Saa 12 na robo asubuhi simu ikaita, wapo Doma, jenereta imezima. Hawajui imezima lini, ndani ya hifadhi huwezi kusimama simama, na ngurumo ya lori inafunika kila kitu.

Nilikaa chini. Kweli nilikaa chini kwenye ngazi za ofisi.

Mzee dereva akaniambia kwa utulivu, mwanangu usiogope, dizeli ina uchafu, chujio limeziba. Tuliwapa machujio 2 ya akiba kabla ya kuondoka, hilo tulilijifunza kwa wenzetu. Akabadilisha, akapiga pampu ya mkono mpaka dizeli ikatoka bila mapovu, ikawaka saa 12 na dakika 40. Hewa inayorudi kwenye mashine ilisoma 9.3 ilipowaka. Baada ya dakika 50 ilikuwa imeshuka kwenye 6.5. Tunda lenyewe lilifika ngapi nisingejua mpaka loga zifunguliwe.

Siku ya 2 mpaka ya 4, Dar

Mikese, Chalinze, Vigwaza, foleni ya Kibaha, kisha foleni ya bandari. Karatasi ya uzito uliothibitishwa imekubaliwa bila neno (toka Julai 2016 kontena halipandi melini bila hiyo). Wameingia getini saa 3 usiku. Jenereta ikatolewa, na kontena likakaa yadi bila kuchomekwa umeme. Wakala wetu alisimama pale mpaka likachomekwa, akaniambia lilikaa bila umeme kama saa 2, loga baadaye zilisema ni muda wa saa 3 na dakika 15. Meli ikaondoka siku ya 4 jioni.

Siku ya 5 mpaka ya 17

Hamna la kufanya. Meli naiona kwenye ramani ya simu, nukta inapanda kaskazini, ikapita Mombasa ikakaa siku mbili, ikaendelea. Nimetumia siku hizi kuzunguka mashambani kueleza wakulima nilichokigundua kuhusu mzigo wa mwaka jana. Nimewaambia haikuwa bahari peke yake, sisi tulipakia tunda la moto. Mama mmoja wa Uwemba aliniuliza, kwa hiyo ile hela yetu iliyokatwa ilikatwa hapa hapa Njombe? Nikamjibu ndiyo mama, ilikatwa hapa. Alinyamaza kidogo, akaendelea kuchuma, na namna anavyochuma ndo ningetaka wote wachume: anakata na mkasi, anaacha kikonyo kifupi kama nusu ya kucha, anaweka kwenye kreti, hatupi, na kreti ipo chini ya mti siyo juani.

Siku ya 18

Imefunguliwa. Kaka yetu mmoja wa Pemba ambaye anafanya kazi soko la Al Aweer huko Dubai alikwenda kusimama na mnunuzi mlangoni. Akanipigia kwa video, nikaona milango inafunguka, boksi zimesimama wima vilevile kama tulivyozipanga, kavu. Akachukua tunda akaligonga kwenye chuma cha mlango nikasikia mlio.

"Mzigo umekaza," akasema. "Kama umechumwa jana."

Boksi 31 zimekataliwa kati ya 5,280, na nilipoomba picha za karibu karibu zote ni tunda lililooza kuanzia pale kikonyo kilipong'oka. Hizo ni za shamba moja, najua ni lipi, na nitakwenda na mkasi mpya siyo na maneno.

Siku ya 23, loga zimerudi

Kaka alizituma kwa mtu anayesafiri. Nimekaa na mhasibu tumefungua michoro kwenye kompyuta ya ofisi.

Kwanza jenereta. Ilizima saa 9 na dakika 50 usiku, kabla hata hawajafika Mikumi, ikawaka saa 12 na dakika 40. Karibu saa 3 kasoro kwenye joto la ukanda ule. Na tunda lilipanda kutoka 5.9 mpaka 6.8 tu mlangoni, katikati halikufika hata nusu nyuzi. Tani 21 za tunda lililopoa mpaka kwenye kokwa ni kama barafu kubwa, inajilinda yenyewe, saa 3 haziitishi. Nimejaribu kufikiria mzigo wa mwaka jana ungepita hapohapo na hali ileile. Naamini hata huo ulizimikiwa mahali fulani, na hatukuwa na loga ya kutuambia.

Zile saa 3 za yadi pia, karibu hazionekani kwenye mchoro.

Sasa lisilonifurahisha. Loga ya mbele na ya katikati zimekaa 5.8 mpaka 6.3 safari nzima, mistari imenyooka. Ya mlangoni juu ilipanda melini ikafika 8.4, ikakaa hapo siku 4, kisha ikashuka taratibu mpaka 7.5 na haikuwahi kurudi 6. Jenereta ilikuwa imeshatolewa zamani, kwa hiyo siyo hiyo.

Tumerudi kwenye picha za kupakia na jibu lipo kwenye picha. Rifa linapuliza hewa baridi kwa chini, inatokea upande wa mashine inapita kwenye zile njia za sakafu mpaka mlangoni, na inatakiwa ipande juu kwa kupita ndani ya boksi. Zile paleti 11 za mstari mmoja ziliishia zikabakiza kama sentimita 50 mpaka mlangoni, na zile 9 zikabakiza kama 70. Sakafu hiyo tuliiacha wazi. Hewa ikifika hapo inaona tundu kubwa, inapanda juu moja kwa moja inarudi kwenye mashine bila kugusa tunda, na paleti za mwisho zinabaki na njaa. Ni kosa lilelile la turubai lenye uwazi wa kiganja, tumelirekebisha chumbani tukalirudia kwenye kontena.

Kwa Jebel Ali nyuzi 8.4 kwa siku 4 zimevumilika. Kwa siku 46 za kuzunguka Rasi paleti hizo 2 zingefika laini na zingeanza kuivisha za jirani.

Siku ya 26

Mnunuzi amelipa, makato ni zile boksi 31 tu. Wakulima wanalipwa kuanzia kesho kwa simu, na ukurasa wa joto la kupakia tumeubandika ukutani pale wanapopokelea.

Kontena linalofuata ni wiki hii. Tumekata kadibodi ngumu na kuzipigilia kwenye mbao nyembamba zisipeperuke, moja ya sentimita 50 na moja ya 70, zitalazwa sakafuni baada ya paleti za mwisho na kupanda kidogo kwenye paleti ili hewa isipate upenyo. Loga zitakuwa 5 safari hii, 3 zote upande wa mlango. Machujio ya dizeli yapo 4, na utingo ni yuleyule, nimeomba mwenyewe. Lori linaingia Alhamisi saa 4 asubuhi.